Marekani mwenye duka, kwetu Serikali

Vijiwe vya kahawa vya Masasi na Mikindani bado vinaamini kwamba ukishafika Marekani unasema lolote, popote. Sivyo. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanaibana Serikali tu. Mwenye duka hayamhusu. Ukigawa vipeperushi ndani ya jengo la maduka, mlinzi atakuambia utoke. Ukigoma, polisi wanaitwa, na kosa lako si ulichosema, ni kubaki kwenye mali ya mtu baada ya kuambiwa uondoke. Hatua chache nje, kando ya barabara ya umma, maneno yaleyale yana ulinzi.

Mahakama yao ya Juu yenyewe imeyumba. Mwaka 1946 ilimtetea Grace Marsh, Shahidi wa Yehova aliyegawa machapisho Chickasaw, Alabama, mji uliokuwa mali ya kampuni ya kuunda meli. Mwaka 1972 ikawakatalia wapinga vita vya Vietnam waliogawa vipeperushi ndani ya jengo la maduka la Lloyd Center, Portland. Mwaka 1980 ikakubali kwamba katiba ya jimbo, kama ya California, inaweza kutoa haki zaidi ya kusema hata ndani ya majengo hayo. Kwa hiyo uliza kwanza uko jimbo gani.

Mitandaoni ni hivyohivyo: Facebook wakifuta chapisho lako, Katiba haikusaidii. Lakini kiongozi wa umma akikuzuia kwenye ukurasa wake, unaweza kumshtaki, mradi ana mamlaka ya kuisemea Serikali na alikuwa anayatumia pale. Hayo yamewekwa wazi na kesi ya Lindke na Freed ya 2024.

Kwetu Tanzania ni kinyume. Mwenye baraza hakutoi kwa sababu ya siasa (labda awe anakudai hela ya kahawa), ila sheria inakufuata hadi kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa korosho. Ibara ya 18 ya Katiba inatoa uhuru wa maoni. Kisha kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu taarifa ya uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Lazima ithibitishwe kwamba ulijua ni uongo na ulikuwa na nia mbaya, lakini simu yako inaweza kushikiliwa kabla hujafika mahakamani. Mimi naona hapo tumezidisha. Kutolewa dukani kunaudhi, ila usiku unalala kwako.

Basi ndugu zangu, malipo ya mnada wa korosho yakichelewa, msirushe sauti ya "viongozi wa AMCOS (chama chetu cha ushirika) wameiba". Andikeni tarehe ya mnada, kilo, bei na makato, mpige picha stakabadhi, kisha muulize: fedha ziko wapi? Sauti ya kusambaziwa ndiyo mbaya kuliko zote, maana aliyeirekodi hajulikani na namba inayoonekana ni yako. Mkitaka kukutana hadharani, polisi wapewe taarifa saa 48 kabla, kwa maandishi, na nakala mbaki nayo.