Mtoto Mchanga Aliyebanwa Kifua: Je, Pumu Imeletwa na Virusi?

Karibu kila mtoto huwa ameshaambukizwa RSV, virusi vinavyoshambulia njia za hewa, kabla hajatimiza miaka miwili. Wengi hutoka na mafua tu. Kwa wachache, virusi hushuka hadi kwenye vijia vidogo vya mapafu: mbavu zinabonyea kila wakivuta pumzi, matundu ya pua yanatanuka, hata kunyonya kunawashinda. Baadhi yao huendelea kutoa mluzi kifuani kwa miaka, na wengine huishia na pumu.

Wanaovilaumu virusi wana hoja. Nchini Sweden, watoto waliolazwa kwa RSV wakiwa wachanga walifuatiliwa hadi miaka 18. Asilimia 39 walikuwa na pumu au mluzi wa kujirudia, dhidi ya asilimia 9 ya wenzao ambao hawakulazwa kwa RSV. Lakini kulazwa kwenyewe ni mchujo. Hulazwa waliozidiwa, na huenda walizidiwa kwa sababu mapafu yao yalikuwa dhaifu tangu mwanzo. Huko Tucson, Arizona, watafiti waliwapima watoto pumzi kabla hawajaugua kifua hata mara moja. Waliokuwa na njia finyu za hewa ndio waliokuja kutoa mluzi zaidi.

Kwa hiyo hesabu za wodini pekee hazinishawishi. Utafiti wa Tennessee uliochapishwa 2023 una uzito zaidi kwangu, maana ulichukua watoto wenye afya waliozaliwa miezi ikiwa imetimia. Waliomaliza mwaka wa kwanza bila kuambukizwa RSV kabisa, hatari yao ya kuwa na pumu wakiwa na miaka mitano ilikuwa pungufu kwa asilimia 26. Si haba, ingawa hapo watafiti walitazama tu, hawakuzuia maambukizi.

Waliojaribu kuyazuia ni Waholanzi, kwa watoto 429 waliozaliwa kabla ya wakati. Mwaka wa kwanza, siku za mluzi zilipungua kwa asilimia 61 kwa waliochomwa kingamwili, yaani protini za kinga zilizotengenezwa tayari dhidi ya RSV. Walipofika miaka sita, wazazi wao waliripoti pumu kidogo kuliko wazazi wa waliopewa dawa bandia, ila kipimo cha kupuliza hakikuonyesha tofauti ya mapafu. Mimi nakiamini kipimo.

Virusi vina mchango, basi, lakini sivioni kuwa ndio mzizi. Kingamwili mpya ya nirsevimab, iliyoidhinishwa Ulaya 2022, inastahili kuwafikia wachanga wengi kwa kuwa inawaepusha na kulazwa. Sababu hiyo inatosha. Kumwambia mzazi kwamba sindano hiyo imemkinga mwanawe na pumu ni kumpa ahadi isiyo na ushahidi. Moshi wa sigara ndio usio na mjadala: unadhoofisha mapafu ya mtoto tangu akiwa tumboni, na kuuondoa nyumbani hakuhitaji kusubiri utafiti mwingine wowote.