Viatu vya Babake: Matairi ya Inchi 35 na Hesabu ya Difu

Jumamosi moja rafiki yangu alileta Land Cruiser yake ya toleo la 80 kwenye gereji ya Industrial Area akilalamika kwamba imekuwa mvivu. Alikuwa ameiinua inchi tatu, akaivisha matairi ya inchi 35, kisha akaenda nayo Naivasha kuijaribu. Wakati wa kurudi, kwenye mpando wa kutoka Mai Mahiu hadi Kimende, gia ya nne ilikataa, ya tatu ikaguna, na lori la mboga likampita huku utingo akimpungia mkono. Alikuwa na hakika kwamba pampu ya dizeli imekufa. Fundi, mzee wa maneno machache, alilizunguka gari mara moja tu. "Mkubwa, pampu haina neno," akasema. "Gari limevaa viatu vya babake."

Nairobi ina kambi mbili kuhusu jambo hili. Kambi ya kwanza husema kuinua gari ni mapambo ya kutembeza Ngong Road siku ya Jumapili. Kambi ya pili hujibu kwamba anayesema hivyo hajawahi kuvuka laga (mto wa msimu) ya Marsabit baada ya mvua. Kila upande una hoja, lakini wote hubishana kuhusu kimo, na nionavyo mimi kimo ndicho sehemu ndogo ya hesabu.

Tukipe kimo haki yake kwanza. Gari lililoinuliwa hushuka kingo za laga bila kukwaruza bampa ya mbele, hupanda upande wa pili bila kuburuta mkia, na tumbo lake halilali juu ya jiwe. Springi ndefu zenye shokomzoba zinazolingana nazo huliacha gurudumu lishuke zaidi kutafuta ardhi, na hiyo ni faida ya kweli. Ila kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana. Kwenye gari lenye eksili nzima mbele na nyuma, kama hiyo 80, springi huinua bodi na chesisi tu. Difu, yaani kibuyu cha gia kilicho kwenye eksili, inabaki pale pale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya kilichoongezeka. Tairi la kawaida la 80, 275/70R16, lina kipenyo cha milimita 791 hivi, na lile la 315/75R16 aliloweka rafiki yangu lina 879. Kwa hiyo jiwe lililokuwa likigonga difu yake sasa ana milimita 44 tu za kulikwepa. Inchi zake tatu za springi hazikuchangia hata moja.

Na inchi hizo zina ushuru. Eksili ya mbele hujizungusha kidogo, pembe inayourudisha usukani katikati hupungua, na gari huanza kutangatanga barabarani hadi litiwe bushi za kurekebisha. Mipira ya breki hukazika. Kitovu cha uzito hupanda, na ukiongeza hema la darini, kona ambazo ulizizoea zinakuwa za kufikiriwa upya. Sisemi habari za maegesho ya chini ya maduka, ambako watu wameacha nusu ya keriya kwenye boriti ya zege.

(Kuhusu zile spesa zinazowekwa juu ya springi za Probox na Forester: zinasaidia kwenye matuta ya mtaani, na mimi sizicheki. Lakini haziongezi hata sentimita moja ya mwendo wa springi, na viungo vya shafti za mbele hulipia kwa kufanya kazi vikiwa vimepinda.)

Sasa turudi kwenye matairi, maana hapo ndipo mpando wa Kimende ulipomshinda. Kutoka 791 hadi 879 ni ongezeko la asilimia 11. Difu yenye uwiano wa 4.10, yaani propela inazunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja, huwa kama imegeuka kuwa 3.69, kana kwamba mtu ameingia usiku akakurefushia gia zote tano. Kama spidomita ilikuwa sahihi, sasa ikisoma 100 wewe unakwenda 111, na kikomo cha magari madogo kwenye barabara zilizogawanywa katikati ni 110. Mita ya kilomita nayo inakuibia: inasoma 9,000 ilhali umetembea karibu 10,000, kwa hiyo sehemu ya ile dizeli unayolalamikia haikunywewa kabisa. Breki zilezile zinazuia gurudumu refu na zito zaidi, na nguvu inayofika kwenye lami inapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Kisha uongeze Nairobi yenyewe. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Limuru ni zaidi ya mita 2,000. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Dizeli ya 1HZ, ile ya lita 4.2 inayobeba nusu ya watalii wa nchi hii, huwa imeshapoteza karibu sehemu moja ya sita kabla hujatoka Westlands. Ndiyo maana ushauri unaotoka kwa watu wa pwani za Australia hautoshi hapa. Tairi wanalolivumilia kule, huku linaomba gia.

Dawa ni kubadilisha kraunwili na pinioni, ile jozi ya gia iliyo ndani ya difu. Kwa 80 yenye matairi ya 35, wengi hutia 4.88, ambayo ukiigawanya kwa lile ongezeko inabaki kama 4.39, fupi kidogo kuliko ya kiwandani. Ufupi huo ndio unaofidia uzito na mwinuko.

Wapinzani wa gia wana hoja nzito, nami siwezi kuzipuuza. Ni lazima ubadilishe difu zote mbili, maana zikitofautiana, siku utakapotia 4x4 kwenye ardhi ngumu kitu kitavunjika. Pinioni ya uwiano mkubwa huwa ndogo, kwa hiyo ni dhaifu kuliko ile ya mwanzo. Injini huzunguka kwa kasi zaidi safarini Mombasa. Na kazi yenyewe ni ya vipimo vya sehemu ya milimita: fundi akikosea nafasi kati ya meno, utasikia mlio wa nyuki hadi Voi, kisha usiusikie tena kwa sababu meno yamekwisha.

Kwa hiyo nasimama wapi? Mwenye Prado ya dizeli yenye tabo, anayetoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, ameongeza asilimia 7. Aishi nayo, asiguse difu. Mwenye 1HZ anayetaka 35 na hana bajeti ya gia, anunue tairi dogo zaidi. Anayetafuta dawa ya tope jeusi la Kitengela asitegemee upana, maana tope lile hujaza meno ya tairi lolote, na mara nyingi jembamba hulikata hadi likafika pagumu. Kwenye mchanga wa Chalbi, kupunguza upepo hadi psi 16 hufanya kazi kubwa kuliko inchi mbili za springi, nako hakugharimu kitu. Wengine hunitajia magari ya Rhino Charge, lakini yale yanashindania njia fupi kabisa ya kupita vituo 13 kwa saa 10. Hayapeleki watoto shule Lang'ata.

Rafiki yangu hakukubali kushuka hadi matairi ya inchi 33. Aliagiza 4.88 mbili, ya nyuma ikafika kwanza, fundi akaifunga. Sasa Kimende anaipanda kwa gia ya nne. Ya mbele bado iko njiani, kwa hiyo mzee aliing'oa propela ya mbele, shafti inayoizungusha difu hiyo, asije akajisahau akatia 4x4. Imelala nyuma ya kiti, imefungwa gunia, na gari refu kuliko yote mtaani kwao linavutwa na magurudumu mawili.