Msomi Bila Bando

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea mambo ya habari, kwa hiyo nina maoni. Usicheke. Wenzangu wana magari, mimi nina maoni. Niulize kuhusu Simba, niulize kuhusu Timu Kiba na Timu Mondi, niulize kuhusu vita vya Ukraine, nitakujibu hapohapo na sahani ya wali maharage mkononi, na jibu langu litakuwa refu kuliko foleni ya Ubungo.

Chumbani tunalala sita kwenye vitanda vinne, maana wawili wanabebwa (asiyejua kubebwa, yaani kulala kwenye kitanda cha mwenzako, hajasoma chuo Dar). Wote sita ni wachambuzi. Baba anasema zamani mchambuzi alikuwa mtu anayechambua mchele. Siku hizi alfajiri tu redio ina wachambuzi wanne wanagombania kisigino cha beki mmoja, na sisi tunawasikiliza mpaka mwisho, halafu tunawachambua wachambuzi. Kipindi cha darasani cha saa mbili asubuhi kinatupita hivihivi. Maharage ya jioni ndiyo hayana wa kuyachambua, unauma jiwe mpaka unaona nyota.

Na hapo sijagusa jirani wa nyuma ya hosteli mwenye sabufa. Singeli, midundo zaidi ya 200 kwa dakika, saa sita usiku, mkesha wa testi. Nasikia Ulaya watu wanakata tiketi kwenda kuicheza. Mimi napigiwa bure, dirishani, na hakuna aliyeniuliza kama nimeomba.

Sasa Jumapili moja, tarehe 12 Mei 2024, niliamka saa nne na dakika sitini. Ndiyo, nne na dakika sitini. Sababu nitakwambia. Nikashika simu kabla ya mswaki, kama mtu mwenye akili zake. Kile kiduara kinazunguka. Kinazunguka tu. Nikazima data, nikawasha. Nikaweka alama ya ndege, nikatoa. Nikachomoa laini, nikaipuliza kama uji wa moto, nikarudisha. Kinazunguka. Jasho likaanza kunitoka, maana usiku ule nilikuwa nimeunga bando la wiki kwa hela ya mwisho ya boom, yaani ile hela ya mkopo wa wanafunzi, ambayo mama anajua imenunua madesa, noti za kusomea.

Jamaa wa kitanda cha juu akachungulia. "Oya, kwako inashika?"

Haishiki. Haishiki kwa yeyote. Tukatoka koridoni tumeinua simu juu, hosteli nzima, ungedhani tunaomba mvua.

Uchambuzi ukaanza mara moja. Wa kwanza akasema ni wakubwa wamezima. Wa pili akasema ni Kimbunga Hidaya, kimerudi. Huyu msamehe: Hidaya ilitua Mafia tarehe 4 mwezi uleule, na wiki ile nzima grupu letu lilijaa wataalamu wa hali ya hewa, mwelekeo wa upepo ukitangazwa na jamaa ambaye jiografia ilimshinda kidato cha pili. Alishaonja utaalamu, hakutaka kuurudisha. Mimi nikasema ni njama za Yanga. Sikuwa na ushahidi, lakini tangu lini uchambuzi ukadai ushahidi?

Alasiri nikateremka getini kwa mlinzi wetu, mzee mmoja mwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba msomi. Naona leo mnatembea huku mnatazamana usoni. Kuna msiba?"

"Intaneti imekata, mzee."

"Aa, hiyo. Waya umekatika baharini. Miwili. Wanasema EASSy na Seacom, huko Afrika Kusini, kaskazini ya Durban."

Nikacheka kile kicheko cha kumstahi mtu mzima. Nikamwambia, mzee wangu, intaneti haiji kwa waya, inatoka kwenye mnara. Nikamwonyesha na mnara wenyewe, ule pale juu ya ghorofa, una taa nyekundu.

Mzee akautazama mnara. Akanitazama mimi. "Na mnarani inafikaje?"

Nikafungua mdomo. Ukabaki wazi. Nzi angeingia, akatoka, akaenda kuwaita wenzake.

"Uko mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu, mzee."

"Ehe."

Hiyo "ehe" bado ninayo. Na kuna jambo linaniuma zaidi. Mapema mwaka uleule, meli zilipokuwa zinapigwa na Wahouthi Bahari ya Shamu, nilirusha voisi noti ya dakika saba kwenye grupu. Nilichambua Yemen, nikachambua mfereji wa Suez, nikashuka mpaka bei ya mafuta ya taa kijijini kwetu. Kumbe Seacom hiyohiyo ilikatika kulekule tangu Februari! Bando langu lilishavuliwa shati upande wa kaskazini, limebaki na kaptula ya kusini, mimi nahangaika na mafuta ya taa.

Nikaenda kituoni nikapate habari kwa njia ya wazee, yaani kwenye magazeti yaliyotundikwa kwa vibanio vya nguo. Tulikuwa kama ishirini, mikono nyuma, shingo mbele. Shida ya gazeti la kutundikwa ni kwamba vichwa vyote vinakatikia patamu. SIRI NZITO, halafu nukta tatu. MSANII AMWAGA MACHOZI, halafu "Uk. 6". Nikanyoosha kidole kufunua ukurasa kidogo tu, upepo ungeweza kufanya vilevile. Muuzaji akakohoa.

"Kaka, kichwa bure. Mwili unalipiwa."

Sasa nilipe, na sijala? Nikaondoka na siri nzito yangu ikiwa nusu.

Kwa mama ntilie ndiko kuna habari ya ile saa. Nitaitamka mara moja tu ili unielewe: tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walitufunga 5-1. Tangu siku ile mimi, Simba wa damu, namba hiyo ya tano nimeifuta. Ndiyo maana naamka saa nne na dakika sitini. Nina rafiki zangu wanne na mwingine. Sasa mama ntilie wetu ni Yanga mpaka kwenye khanga, kila nikimwambia nataka chapati anainua mkono na kutandaza vidole vyote.

"Tano, baba?"

"Mbili, mama."

"Mbili ni za Aprili, mwanangu. Hizo nazo tuliwapa."

Kweli walitupa, 2-1, tarehe 20. Watu wanasema mitandao ya kijamii imeharibu maadili, watu wanatukanana. Njoo ule hapa uone. Bila intaneti, bila chaji, mtu mmoja na kijiko cha upawa, anakutukana na chenji anakurudishia.

Jumatatu mtandao ukawa wa kuja na kuondoka, kama mgeni anayesahau kofia kila mara. Jioni redio ya mzee ikapiga ukelele getini: Yanga wamemfunga Mtibwa Sugar 3-1 pale Manungu, ubingwa wa 30. Mzee akasimama, rungu kwapani, akacheza. Sikujua kwamba naye ni wao! Nami kwa mara ya kwanza tangu jana yake nikaushukuru ule waya. Nikapanda kulala, najua usiku ule hakuna wa kunitumia kitu. Hakuna katuni, hakuna statasi, hakuna khanga. Bahari imenistahi.

Saa nane usiku simu ikaanza kutetemeka chini ya mto. Mtandao umerudi. Jumbe 412. Nikapitisha macho haraka nione kama testi imeahirishwa, nikakuta jina la mjomba wangu wa Turiani. Mjomba haandikagi. Mjomba akituma kitu ujue kuna mgonjwa, au kuna hela. Nikagusa.

Ni video, dakika kumi na moja. Mjomba yuko uwanjani Manungu, amejigeuzia kamera usoni, shati kichwani, analia kwa furaha na kulitaja jina langu, na mkono aliobaki nao ameutandaza vidole vyote. Nikataka kuifunga. Simu ikaganda. Kiduara kile, kilichokataa kushusha hata picha moja tangu Jumapili, sasa kinakimbia kama bodaboda ya Mbagala: asilimia 40, 70, 98.

Ikaisha kushuka. Ukafuata mlio mmoja mdogo.

"Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha."