Sijazaa, Ile Ilikuwa Sabuni

Kwanza kabisa, sina mtoto. Ninyi mnaonitumia "hongera mama" tangu jana asubuhi, asanteni, lakini nepi zirudisheni dukani. Aliyeeneza ni yule rafiki yangu wa saluni. Alipigiwa simu ya nusu dakika na jirani yangu, akaongeza chumvi na pilipili, akaiweka stetasi. Sasa sikilizeni kwa mwenye msiba.

Mnakumbuka ile sabuni yangu ya mwezi jana yenye jicho? Sabuni ya kostiki (yale magadi makali yanayounguza ngozi) ukishaimimina kwenye boksi hujipasha moto yenyewe, na joto huanzia katikati. Ikipita nyuzi 70 hivi inageuka kama mafuta ya mgando, inang'aa, na rangi inakolea. Yangu ilikolea katikati tu. Kingo zilipoa mapema zikabaki na weupe wake, kwa hiyo kila kipande nilichokata kilitoka na duara. Mteja mmoja hapa Walukuba, Jinja, akaniuliza hiyo ni sabuni au yai la kuchemsha.

Nikaapa kwamba safari hii itaiva mpaka pembeni. Nikachukua kilo mbili za mafuta, mawese na nazi na shea kidogo kutoka Lira. Nusu ya maji nikaibadilisha kwa maziwa ya mbuzi. Halafu asali ya Arua, nusu kikombe. (Wewe mtengeneza sabuni mwenzangu uliyeshika kichwa hapo, nyamaza, wengine hawajafika.) Nikamimina kwenye boksi la mbao, nikalifunika blanketi, na juu yake nikazungushia kile kiblanketi cha manjano cha mtoto wa dada yangu, chenye picha za bata. Sakafu ya saruji ina baridi, kwa hiyo nikalaza kitu changu kitandani, kikaegemea mto. Nikatoka kutafuta rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai.

Sasa piga hesabu. Mafuta, maji, maziwa, kostiki na asali, jumla inafika kilo tatu. Kilo tatu, kwenye kiblanketi cha bata, kitandani kwa msichana ambaye kwanjula yake, siku ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ni mwezi ujao.

Na shangazi alitakiwa kufika kesho yake, akafika siku hiyo hiyo. Jirani akamfungulia.

Nafika mlangoni, namkuta ameketi kitandani na gomesi yake ya safari, lile gauni refu la heshima, miwani iko mkobani, mkono uko juu ya bata. Na kwetu shangazi hapigiwi kelele kabla hajasalimiwa. Nikapiga magoti, rolex mkononi.

"Karibu shangazi, habari za Tororo?"

Hakujibu habari za Tororo.

"Ana joto," akasema. Taratibu kabisa, kama daktari.

"Shangazi, hiyo ni..."

"Mtoto anachemka, wewe unakula chapati."

Akainama akanusa. Sasa maziwa yakikutana na kostiki hutoa harufu ya amonia, na amonia, ndugu zangu, ndiyo ile harufu ya mkojo. Shangazi akafumba macho. "Na hujambadilisha nepi."

Ningesema neno moja tu, sabuni, yote yangeisha. Neno likakataa kutoka. Mdomo ulikuwa na yai.

Akambeba. Samahani, akaibeba. Akaipakata vizuri kabisa, mkono mmoja chini ya kichwa, na hapo ndipo alipogusa mbao. Nilimwona uso ukibadilika. Akabinya huku, akabinya kule. Mtoto mwenye homa, mwili umekakamaa kama ubao.

"DEGEDEGE!"

Walukuba nzima ikasikia. Akafunua upande wa kichwa ampatie hewa. Mle ndani sabuni ilikuwa imeumuka kama mkate na kupasuka katikati, kutoka ncha hadi ncha, na kwenye ule ufa kitu cha kahawia kilikuwa kinapumua. Kinapanda, kinatoa povu, blup, kinashuka. Kinapanda tena. Kikavuka ukingo, kikateremka polepole juu ya bata wa kwanza, juu ya bata wa pili, kikielekea kwenye gomesi.

Ndipo yai likashuka, nikapata sauti. Na katika maneno yote ya Kiswahili, nikachagua haya: "Shangazi, mtupe! Mtupe chini!"

Jirani alikuwa dirishani. Hayo ndiyo aliyoyasikia, na hayo ndiyo yaliyofika saluni.

Mengine ni mafupi. Nguo ya shangazi ililoweshwa, ngozi haikuguswa, lakini mikono yake niliimwagia maji jerikani nzima kwa woga. Godoro liko nje. Bata wamekufa. Sabuni imezama katikati, ina shimo la kuotesha mche wa nyanya, na asali inatoka jasho juu. Mzee mmoja wa kazi hii ameniambia kwamba asali na maziwa ni kuni tosha, boksi la namna hiyo unalipepea au unaliweka kwenye friji, blanketi la nini? Na asali ni kijiko kimoja kwa kila nusu kilo ya mafuta, basi. Shangazi amekunywa chai, ameuliza kama ikikauka vizuri atapata vipande vitatu. Nimemwambia asubiri wiki sita.

Leo asubuhi mama yake mchumba wangu amenitumia ujumbe: "Ni wa kike au wa kiume?" Nimempelekea picha ya sabuni. Ameifungua. Hajajibu.