Kipaumbele ni Kipi, Mtaro au Zahanati?

Gari la matangazo limepita leo alfajiri, sijapata hata chai, likitualika kwenye mkutano wa wananchi wa kuibua vipaumbele vya maendeleo ya mtaa kwa mwaka ujao wa fedha. Kuibua tena! Nilidhani vile tulivyoibua mwaka jana viko salama kwenye jalada vikisubiri bajeti, kumbe navyo vina tarehe ya kuisha muda wake. Mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu, nina leseni ya makazi niliyoitia plastiki, na sipendi kuulizwa shida zangu kila mwaka kana kwamba ndiyo kwanza nashuka stendi na begi mkononi.

Isidhaniwe kwamba Dar es Salaam ina upungufu wa mipango. Tulikuwa na mpango kabambe wa 1949, ukaja wa 1968, kisha wa 1979 uliokusudiwa kutufikisha miaka 20, nasi tukaunyoosha mpaka ukakatika, hadi ulipoandaliwa huu wa sasa wa 2016 hadi 2036. Katika pengo hilo watu walizaliwa, wakaoa, wakajenga na kuchunguliana madirishani, na sensa ya 2022 ikatukuta tumefika 5,383,728. Mpango unapowasili mtaani kwetu huwakuta wenyeji tumeshakaa, na ndipo hutakiwa tusogee.

Huo mkutano wa mwaka jana, sasa. Ulitangazwa kuanza saa tatu kamili, ukaanza saa tano na ushee, kwa kuwa turubai lilikuwa limeazimwa msibani. Halmashauri ilituletea afisa, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na bango kitita lake na kalamu rashasha za rangi nne. Alituamkia vizuri, akaeleza kwamba tutatumia njia shirikishi ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo nchi imekuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwamba mpango wa kweli huanzia chini, kwa mwananchi. Tulipiga makofi. Mwananchi akisifiwa hupiga makofi hata kama amekalia tofali.

Tukataja shida zetu, zikafika sita: zahanati, mtaro, kivuko cha kuvukia korongo, maji, matundu ya vyoo vya shule na taa za barabarani. Hapo afisa akachora jedwali, akasema kila shida itashindanishwa na kila nyingine, mbili mbili, na itakayoshinda mara nyingi zaidi ndiyo kipaumbele namba moja. Shida sita kwa utaratibu huo huzaa mechi kumi na tano, na jua lilikuwa limeshatupata utosini.

"Wazee wangu, mama zangu, kati ya zahanati na mtaro, kipi kitangulie?"

"Zahanati, mwanangu," akajibu mama muuza vitumbua bila kusita. "Binti yangu amejifungulia kwenye bajaji." Nani angebisha? Ikaandikwa zahanati, kwa rangi nyekundu.

"Kati ya zahanati na kivuko?"

Akasimama kinyozi wetu. "Kivuko, mheshimiwa. Zahanati itajengwa ng'ambo, kwani upande huu hakuna pa kuweka hata kibanda. Bila kivuko mtakuwa mmewajengea wao." Watu wakaguna kukubali, na muuza vitumbua mwenyewe akatikisa kichwa kwamba ni kweli. Ikaandikwa kivuko.

"Na kati ya kivuko na mtaro?"

Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka afungwe bao, akainuka taratibu. "Kijana, vivuko tumeshajengewa. Vyote vimekwenda baharini. Maji yakikosa mtaro hupita yanapotaka yenyewe, na yanapotaka siku zote ni pale kwenye kivuko. Andika mtaro."

Afisa akaandika mtaro, akarudi nyuma kutazama kazi yake, na hapo jasho likamtoka. Zahanati imeushinda mtaro, kivuko kimeishinda zahanati, na mtaro umekishinda kivuko. Alihesabu kwa kidole kutoka juu kushuka chini, akahesabu kutoka kushoto kwenda kulia, na kila alipopita aliwakuta washindi watatu wakifukuzana. Alijaribu kufuta, lakini kalamu rashasha haifutiki, ikabidi achane karatasi na kuanza upya.

"Wananchi, ninawaomba tuwe na msimamo."

"Msimamo tunao, baba," muuza vitumbua akamjibu kwa upole uliokuwa umeanza kuisha. "Tunataka vyote vitatu, kwa mpangilio wa mtu anayepelekwa kujifungua usiku wa mvua."

Afisa akasema kwa masikitiko, na ninaamini yalikuwa ya kweli, kwamba fomu ina nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini haina nafasi ya vyote. Isitoshe, akaongeza, hata mkikubaliana mimi siwezi kuvibeba pamoja. Zahanati ni ya halmashauri. Barabara za mitaa na mitaro yake ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, barabara kuu ni za wakala mwingine, TANROADS, bomba ni la DAWASA, mamlaka ya maji. Korongo likiwa ni mto, lina bodi yake ya bonde. Takataka zilizomo ndani ya mtaro, hizo zinarudi halmashauri. Mvua peke yake ndiyo hunyesha bila kuuliza iko chini ya nani.

Kufikia mechi ya mwisho watu walikuwa na njaa, vijana waliokuja kwa tetesi za mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri walishagundua kwamba siyo siku yake, na kila kilichotajwa mwishoni kilipigiwa mikono ili tuondoke. Cha mwishoni kilikuwa taa. Muhtasari ukasainiwa kwamba kipaumbele namba moja cha mtaa wetu, ambao pikipiki mbili zikikutana moja hulazimika kurudi nyuma, ni taa za barabarani.

Sasa utani niuweke pembeni. Mtu akikuuliza uchague kati ya mwanao kujifungua salama na nyumba yako kutosombwa na maji, tatizo siyo kwamba hujui kuchagua. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilijaa, watu wakafa, na walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na kila kibarua walichokuwa nacho. Baada ya hapo, bonde lile lile likajengewa karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, na huduma ilipoanza 2016 mafuriko nayo yakaja kukagua. Mwananchi akijenga bondeni huitwa mkaidi. Karakana ya mabasi ikijengwa bondeni, inaitwaje?

Nami siwezi kuhama, maana hata kuhama kunataka vipimo. Sheria ya mazingira inanitaka nikae mita 60 kutoka mtoni, na sheria ya barabara ya 2007 inaipa barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati. Nimepima kwa kamba usiku, majirani wasinione, nikakuta kwamba sehemu ya nyumba yangu iliyo halali kwa pande zote mbili ni jiko na nusu ya choo.

Huduma moja imetufikia bila mkutano, nayo ni anwani za makazi. Tumesimikiwa nguzo ya chuma yenye jina la barabara mahali ambapo toroli hupita kwa ubavu. Bodaboda huipata nguzo, akaisoma, kisha akapiga simu kuuliza nyumba iko upande gani wa muuza mkaa. Mke wangu, ambaye ana akili kuliko mimi, amefunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye nguzo hiyo na anaanika nguo. Juzi mtendaji kaja kutuonya kwamba nguzo ile ni mali ya Serikali. Nikamwuliza kwa adabu tuanike wapi, akanijibu kwamba kwenye ramani ya mtaa liko eneo la wazi. Lipo kweli, na geti lake limepakwa rangi ya bluu, na mwenye gereji hufunga saa kumi na mbili.