iPhone 13 ina umri gani? Siriali haikwambii tena

Kuna ujumbe umerudi kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Arusha: "Kabla hujatoa hela, hesabu siriali namba. Zikiwa alama 12 ni OG, zikiwa 10 umepigwa." Unasambazwa na watu wazima wenye akili timamu, wengine wana fremu za simu kabisa kuanzia Mnara wa Saa kushuka Barabara ya Sokoine. Tukiufuata ujumbe huo, kila iPhone 13 iliyotoka kiwandani ni feki na Apple wenyewe ndio waliotapeliwa.

Mambo ni kinyume chake. Siriali ya alama 10 kwenye iPhone 13 ni kitu cha kawaida. Ukikuta 12 ndipo uanze kuuliza maswali. iPhone 12 ndiyo iliyosimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje: zile za mwishoni mwa 2020 zina alama 12, ile ya zambarau iliyotangazwa Aprili 2021 ikaja na 10. Zote halali.

Ila wanaousambaza siwacheki sana. Walizoea namba inayosomeka, ikabadilishwa bila mnunuzi wa mtaani kuambiwa lolote, na mahali palipokuwa na maarifa pakaota uvumi.

Siriali ya zamani, iliyoanza kutumika 2010, ilikuwa inaongea. (Siriali, jamani, si "namba ya siri" kama inavyoandikwa kwenye risiti za watu. Namba ya siri ya mteja haikuhusu.) Alama tatu za kwanza zilitaja kiwanda, ndiyo maana MacBook nyingi zilianza na C02. Ya nne ilikuwa nusu ya mwaka, ya tano wiki. Tatu zilizofuata zilikuwa za kifaa chenyewe, na nne za mwisho zilibeba modeli, rangi na ukubwa wa memori. Fundi mzoefu hakuhitaji hata bando kuisoma.

Chukua iPhone XR ambayo alama yake ya nne ni X na ya tano ni K. X ni nusu ya pili ya 2018. Kwa upande wa wiki, 1 hadi 9 zinabaki zilivyo, kisha C ni 10, D 11, F 12, G 13, H 14, J 15, K 16. Kwa kuwa tuko nusu ya pili ya mwaka unaongeza 26, unapata wiki ya 42: katikati ya Oktoba 2018, siku chache kabla XR haijaingia madukani tarehe 26 mwezi huo. Muuzaji akikuapia kwamba "hii ni stoku ya 2020, bosi wangu", unamrudishia simu yake kwa heshima zote na unaaga.

Mapema 2021 Apple wakahamia kwenye mchanganyiko wa herufi na namba usio na mpangilio wowote, wenye alama kati ya 8 na 14, kwa kuanzia 10. Hakuna kiwanda ndani yake, hakuna wiki, hakuna mwaka. Bidhaa zilizokwisha kutoka zilibaki na siriali zake, na IMEI, namba ambayo mitandao ya simu inakitambulia kifaa, haikuguswa.

Nikiri, kwa shingo upande, kwamba mfumo wa zamani ulikuwa umefika ukingoni. Kwenye alama ya nne walikuwa wameacha A, E, I, O, U na B. Zinabaki herufi 20, kila moja nusu mwaka, jumla miaka 10 kamili. C ilikuwa nusu ya kwanza ya 2010, Z ikawa nusu ya pili ya 2019, halafu 2020 wakarudi kwenye C tena. Na namba yenye mpangilio unaojulikana ni rahisi kuibuni. Februari 2024, huko Washington D.C., wanaume wawili walitiwa hatiani kwa kuwatumia Apple zaidi ya simu 5,000 za bandia zenye siriali au IMEI za kughushi, wakidai wabadilishiwe kwa waranti. Mtu akiliwa kiasi hicho ana haki ya kubadilisha kufuli.

Sawa. Wafiche kiwanda. Wafiche hata wiki. Mwezi na mwaka viliwakosea nini?

Nenda Unga Limited, gereji yoyote inayohudumia magari ya watalii, uinamie tairi la Land Cruiser. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Tuseme 2319. Wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi linaweza kulala stoo miaka minne na vinundu vyake vyote vikabaki kama vya jana, linang'aa, limepakwa dawa. Dereva anayejua kwamba keshokutwa yuko mbugani Ndutu na wageni sita haangalii sura ya tairi. Anasoma tarakimu nne, kwa sababu mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Utaratibu huo wa tarakimu nne umekuwepo tangu 2000. Haujamfundisha mtu yeyote kughushi tairi. Unamlinda tu asiye na njia nyingine ya kujua.

Betri ya lithiamu nayo inazeeka ikilala. Kemia haisubiri ufungue boksi. Ikiachwa imejaa chaji mahali pa joto inapoteza uwezo, ikiachwa tupu muda mrefu inaweza isiamke kabisa. Gundi inayozuia maji kuzunguka kioo nayo ina maisha yake. Programu mpya, kweli, hazijali mwezi wa kiwandani, zinaangalia modeli, hilo nawaachia. Lakini simu ni zaidi ya programu.

Sasa angalia hii. iPhone 13 iliuzwa na Apple kuanzia Septemba 2021 hadi Septemba 2024. Miaka mitatu. Weka mezani moja ya mwanzo na moja ya mwisho, rangi ileile, memori ileile: zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Moja ina betri iliyozidi mwenzake miaka mitatu. Siriali za zote mbili ni alama 10 zisizosema kitu. Muuzaji anakwambia ni ya 2024, na wewe huna pa kumkamatia. Yeye mwenyewe huenda hajui; aliambiwa hivyo na aliyemletea mzigo kutoka Dubai, naye aliambiwa na mwingine. Hapa mjini tunaijua biashara ya namna hii tangu enzi na enzi: jiwe la tanzanite linatoka Mirerani, linapita mikono mitano, na kila mkono unaapa zaidi ya uliotangulia.

Kinachonichoma ni kwamba kampuni inajua tarehe ina maana. Kwenye iPhone 15, ya 2023, wameweka wenyewe kwenye kipengele cha afya ya betri: mwezi na mwaka betri ilipotengenezwa, lini ilitumika mara ya kwanza, na imezungushwa chaji mara ngapi. Vizuri sana, asanteni! Kwa hiyo ilikuwa siri ya kiwanda 2021, ikaacha kuwa siri 2023? Na hiyo ni tarehe ya betri, si ya simu. Ikibadilishwa betri, historia inaanza upya.

Waliobaki yatima ni wa katikati. iPhone 13 na 14 hazina siriali ya zamani inayosomeka, wala hazina ukurasa mpya wa betri wenye tarehe. Zinaonyesha asilimia tu. Na hiyo 14 nayo iliuzwa kuanzia Septemba 2022 hadi mwanzoni mwa 2025. Nani ananunua simu hizi zikiwa zimetumika? Sisi. Aliyenunua mpya dukani California ana risiti yenye tarehe kwenye barua pepe yake. Mabadiliko haya hayakumgusa hata unywele. Yamemgusa mnunuzi wa pili na wa tatu, wa Kaloleni, wa Sakina, wa Mbuyuni kule Moshi, ambaye risiti haikuvuka bahari pamoja na simu.

Na usidanganyike na asilimia. iPhone 13 ya mkononi inayoonyesha betri 100% inatakiwa ikutie wasiwasi. Betri iliyotumika kweli inashuka. Mafundi wanahamisha saketi ndogo ya betri ya asili na kuibandika kwenye seli mpya ya bei poa, kisha wanaiandika upya kwa programa, kifaa cha kubadilishia data za saketi, ili hesabu isome 100%. Simu inaamini, na hata onyo la kipuri kisichojulikana linaweza lisitokee. Dalili utaiona kwenye matumizi: inazima ghafla ikiwa na 20%, au inaruka kutoka 60 hadi 40 ukifungua kamera. Kwa hiyo kabla ya kulipa, rekodi video kwa dakika kumi ukiwa palepale dukani, mwanga wa kioo ukiwa juu kabisa, uangalie asilimia inavyoshuka na joto linavyopanda mgongoni. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Vilivyobaki vya kusoma ni hivi. Settings, General, About, uangalie Model Number. Herufi ya kwanza ndiyo yenye habari: M ni iliyouzwa mpya, F ni iliyokarabatiwa na kuuzwa tena, N ni iliyotolewa kumbadilishia mteja mwenye simu mbovu, P ni iliyochongwa jina au maneno. "Mpya full boksi" yenye N ni simu nzuri inawezekana, ila boksi hilo si lake. Herufi za kabla ya mkwaju zinataja soko: LL Marekani, AE Emirates, ZP Hong Kong, J Japani. Ya LL kuanzia iPhone 14 haina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, laini isiyo na kadi, na watu bado wanafika nyumbani na pini mkononi wakitafuta pa kuchomeka.

Shuka kidogo hapo hapo kwenye About. Kama simu ilishabadilishiwa betri, kioo au kamera, kwenye iPhone 12 na kuendelea kutakuwa na sehemu ya Parts and Service History, mradi iOS ni 15.2 au zaidi. Carrier Lock isome No SIM restrictions, yaani haijafungwa kwa mtandao mmoja. Kisha ingiza siriali checkcoverage.apple.com. Waranti ya kawaida ni mwaka 1; ikiwa bado inahesabu, rudi nyuma miezi 12 kutoka siku ya kuisha na utapata mwanzo wa matumizi kwa makadirio. Ikiwa imeisha, unaambiwa imeisha, basi. Kwa simu nyingi tunazouziana hapa, jibu ni hilo la pili, na ndiyo maana nasema tarehe imezikwa. Unapoingiza, kumbuka siriali zao hazitumii herufi O. Hiyo ni sifuri.

IMEI bonyeza *#06#, ilinganishe na ya kwenye About na iliyochapwa kwenye kitreya cha laini cha iPhone 13. Tuma namba hiyo kwa SMS kwenda 15090, utarudishiwa jina la kampuni na modeli. Mfumo huo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndio uliozima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, mnakumbuka kilio chake. Hautakwambia umri, lakini simu inayojitambulisha kama 13 Pro na 15090 ikaiita kitu kingine imeshajieleza.

Mwenye simu aifute yeye mwenyewe mbele yako, iCloud itoke, ifike kwenye Hello, uiunge Wi-Fi na uivushe hadi mwisho. Usikubali iliyofutwa jana usiku. Ikitokea Remote Management ni simu ya ofisi ya watu.

Jambo dogo kwa wenye hoteli, shule na kampuni za utalii mnaotunza orodha ya vifaa: kama jedwali lenu linakataa siriali isiyo na alama 12, rekebisheni likubali 8 hadi 14. Msimlazimishe karani ajazie sifuri mbili mbele ili mfumo ukubali. Siku kifaa kikiibwa mtapeleka polisi siriali ambayo haipo duniani.

Na kwenye risiti andikeni vyote: IMEI, siriali, Model Number pamoja na herufi yake ya kwanza, asilimia ya betri, na tarehe ya siku hiyo. Kwa iPhone 13, tarehe hiyo ya risiti ya duka la mtaani ndiyo pekee utakayoweza kumwonyesha atakayeinunua kwako.