Grafu za samaki wa Lamu zifuate pepo, si kalenda ya ofisi

Grafu nyingi za samaki wa Lamu huanza Januari na kuishia Desemba. Mpangilio huo unamfaa mtu anayefunga hesabu za mwaka, lakini unaiharibu picha ya bahari. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Ukiukata mwaka tarehe 31 Desemba umeupasua msimu mmoja vipande viwili: kimoja kinakaa mwisho wa grafu, kingine mwanzo wake, na msomaji anaona miinuko miwili mahali penye mmoja. Maoni yangu ni kwamba yeyote anayetumia R (programu ya kompyuta ya kuchambua na kuchora data) kuchora data ya uvuvi wa Kizingitini, Faza, Shela, au huko chini Ngomeni na Malindi, aivunje kalenda kwanza, apange data kwa pepo na maji, ndipo achore.

Wala si jambo geni. Mabaharia wa pwani hii walikuwa wakihesabu mwaka wa jua kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia nairuzi, siku ya mwaka mpya wao. Walijua lini pa kuvuka na lini pa kuvuta chombo pwani. Kompyuta inaweza kufuata hesabu ya namna hiyo bila taabu yoyote, mradi iambiwe.

Kabla ya msimu kuna tarehe, na hapo ndipo pengi panapoharibika. Tuchukue faili la BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) lenye mstari mmoja kwa kila safari ya chombo: tarehe, diko (mahali pa kushushia samaki), aina ya chombo, mtego, idadi ya wavuvi, samaki, kilo. Tarehe imeandikwa 03/04/2023, yaani tarehe tatu Aprili. Ukiipa R amri ya as.Date bila kutaja umbo, haitalalamika hata kidogo. Itasoma "mwaka wa 3, mwezi wa 4, siku ya 20" na kukupa 0003-04-20. Na mwaka ukiandikwa kwa tarakimu mbili huku wewe umetaja %Y kwa herufi kubwa, utapata mwaka wa 23 badala ya 2023. Kwa hiyo taja umbo, kisha uangalie mwanzo na mwisho wa tarehe zote:

samaki <- read.csv("kizingitini.csv", na.strings = c("", "-"), strip.white = TRUE)
samaki$tarehe <- as.Date(samaki$tarehe, format = "%d/%m/%Y")
range(samaki$tarehe, na.rm = TRUE)
table(format(samaki$tarehe, "%d"))

Mstari wa mwisho unahesabu safari kwa siku ya mwezi. Ukikuta siku 1 hadi 12 zimejaa na 13 hadi 31 zina safari chache mno, shuku kwamba Excel iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani imepita humo: imegeuza siku kuwa mwezi pale ilipowezekana, na zilizozidi 12 ikaziacha kama maandishi. Kuzirudisha sawa ni kazi ngumu, na pengine haiwezekani bila daftari la asili. Dawa yake iko mezani kwa karani: safu tatu tofauti, siku, mwezi na mwaka, kila moja namba tupu. R itaziunganisha yenyewe kwa paste na as.Date.

Sasa msimu. Naweka Aprili na Novemba peke yao kama maleleji, kipindi cha upepo kubadilika kati ya kaskazi na kusi, kwa sababu upepo hauhami kwa siku moja, na kuzilazimisha ziingie upande mmoja ni kuchafua pande zote mbili. Mwaka wa bahari nauanza Novemba na kuuita kwa mwaka unaoishia:

mwezi <- as.integer(format(samaki$tarehe, "%m"))
mwaka <- as.integer(format(samaki$tarehe, "%Y"))
samaki$msimu <- ifelse(mwezi %in% c(12, 1, 2, 3), "Kaskazi", ifelse(mwezi %in% 5:10, "Kusi", "Maleleji"))
samaki$mwaka_bahari <- ifelse(mwezi >= 11, mwaka + 1, mwaka)
samaki$mwezi <- factor(mwezi, levels = c(11, 12, 1:10))

Usiuache mstari wa mwisho. Ukiwa na majina ya miezi na usiseme mpangilio wake, R itayapanga kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Grafu itatoka nzuri machoni na haitakuwa na maana yoyote. Na ukishaifanya safu kuwa factor, yaani orodha ya makundi yenye mpangilio, usijaribu kuirudisha kuwa namba kwa as.numeric peke yake. Hapa Novemba ingekuwa 1 na Januari 3, kwa kuwa unapewa nafasi katika orodha, si mwezi wenyewe. Pitia as.character kwanza.

Jambo linaloniuma zaidi ni sifuri. Kuna tofauti kubwa kati ya chombo kilichotoka kikarudi mikono mitupu, chombo ambacho hakikutoka kwa sababu kusi imechafua bahari nje ya mwamba, na siku ambayo karani hakuwepo. La kwanza ni 0. La tatu ni NA, alama ya R ya taarifa isiyokuwepo. La pili si safari, kwa hiyo halina mstari kabisa katika jedwali la safari. Linahesabiwa kwingine, kwenye idadi ya vyombo vilivyotoka siku hiyo. R ina mtego hapa. Andika sum(c(NA, NA), na.rm = TRUE) na jibu ni 0. Yaani mwezi mzima usio na taarifa hata moja unageuka kuwa mwezi usio na samaki. Grafu kama hiyo ikifika kwenye kikao, watu watasema samaki wamekwisha, kumbe kilichokwisha ni karatasi. Mtego wa upande wa pili ni aggregate kwa njia ya fomula: inaitupa mistari yenye NA kimya kimya, mwezi unatoweka kwenye jedwali, na geom_line (ya ggplot2, kifurushi cha R cha kuchora, kinachoitwa kwanza kwa library(ggplot2)) inaunganisha Machi na Juni kwa mstari mnyoofu kana kwamba Aprili na Mei zilipimwa. Tengeneza orodha kamili ya miezi kwa seq, iunganishe na data kwa merge ukiweka all.x = TRUE, na mwezi usio na taarifa ubaki NA. Mstari utakatika hapo, na kukatika huko ni taarifa ya kweli.

Jumla ya kilo peke yake haisemi kitu kuhusu wingi wa samaki. Wakati wa kusi vyombo vingi hubaki kwenye hori na kwenye mikoko, safari zinapungua, jumla inashuka. Kinachofaa kuchorwa ni kilo kwa kila mvuvi kwa safari. Kwa wastani wa msimu, gawanya jumla ya kilo kwa jumla ya wavuvi. Ukichukua wastani wa migao, mtumbwi wa mtu mmoja utakuwa na uzito sawa na mashua ya watu wanane.

Kwa pweza hata msimu hautoshi. Anayemsaka pweza miambani kwa miguu anangoja bamvua, maji yanapokauka hadi mbali. Kwenye maji mafu, yasiyopwa sana, hana pa kukanyaga. Data hiyo ukiipanga kwa wiki au mwezi wa kalenda unapata vurugu tupu, ukiipanga kwa umri wa mwezi wa angani inatulia. Hesabu yake ni mstari mmoja, kuanzia mwezi mchanga wa tarehe 6 Januari 2000:

samaki$umri <- as.numeric(samaki$tarehe - as.Date("2000-01-06")) %% 29.53059

Namba 29.53059 ni urefu wa wastani wa mzunguko wa mwezi kwa siku, hivyo jibu linaweza kupishana na mwezi halisi kwa saa kadhaa, hata siku nzima, jambo lisilodhuru sana hapa. Sifuri hapa ni mwezi ukiwa hauonekani kabisa. Mwezi huandama siku moja au mbili baadaye, basi usiichanganye na mwezi mosi, siku ya kwanza ya mwezi mwandamo. Mwezi mpevu, yaani mwezi mzima, unaangukia karibu na 14.8. Bamvua hufuata siku moja au mbili baada ya sifuri na baada ya mpevu, kwa hiyo tazamia vilima viwili.

pweza <- subset(samaki, samaki == "pweza")
ggplot(pweza, aes(umri, kilo / wavuvi)) + geom_point(alpha = 0.3) + facet_wrap(~ msimu)

(Kabla ya subset, safisha majina kwa tolower na trimws. "Pweza" na "pweza " ni viumbe wawili kwa R.)

Nimechora nukta, safari moja nukta moja, na hilo nalitetea. Francis Anscombe alionyesha mwaka 1973 seti nne za namba zenye wastani uleule, 9 kwa x na 7.5 kwa y, na uwiano uleule kati ya x na y wa karibu 0.816, lakini zikichorwa hazifanani hata kidogo. Zimo ndani ya R kwa jina anscombe. Nguzo moja ya wastani kwa kila mwezi inaficha kama kilo 6 zimetoka kwa safari nyingi zinazolingana au kwa siku moja ya neema iliyobeba zote.

Siku ile ya neema italazimisha nukta nyingine zote zibanane chini. Watu hukimbilia ylim. Usifanye hivyo: katika ggplot2, ylim huzitupa safari zilizo nje ya mipaka kabla ya hesabu, na geom_boxplot ikiwepo, masanduku yatachorwa kwa data iliyopunguzwa. Tumia coord_cartesian(ylim = c(0, 20)), inayosogeza jicho tu na kuacha data ilivyo. Mhimili wa logi nao hauvumilii sifuri, na safari zilizorudi tupu ndizo zisizopaswa kupotea.

Mwisho ni karatasi. Grafu itabandikwa ukutani ofisini kwa BMU, isomwe na waliosimama, kwa hiyo theme_minimal(base_size = 16), maneno ya mihimili kwa Kiswahili kupitia labs, na idadi ya safari iandikwe chini ya kila msimu. Ihifadhi kwa ggsave("pweza.png", width = 27, height = 18, units = "cm", dpi = 300), inaenea kwenye A4 iliyolazwa.